Tulikuwa watu 14 ibadani Leipzig: je, wageni ndo wamemaliza kanisa la Wajerumani?

Swali la msomaji:

"Shikamoo dokta. Mi ni nesi, natokea Machame, niko Leipzig mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Nyumbani ni KKKT, nimekuzwa kanisani. Jumapili iliyopita nilienda ibada kanisa la karibu na ninapokaa, tulikuwa watu 14, nilihesabu, na mdogo kuliko wote ni mimi. Mfanyakazi mwenzangu Mjerumani ananiambia wageni ndo wameua ukristo hapa, eti baada ya miaka 30 Ujerumani itakuwa nchi ya Kiislamu. Sikumjali, ila wiki hiyohiyo mjomba kanitumia klipu WhatsApp inasema hivohivo na imejaa takwimu. Ukweli ni upi? Na lingine, samahani kama halihusu, kwenye slipu yangu ya mshahara kuna makato wanasema ni ya kanisa, hayo nayo ni nini?"

Marahaba dada yangu. Hilo la slipu linahusu kuliko unavyodhani, ila ngoja niliweke mwisho maana linataka ushauri.

Mi kazi yangu ni demografia, yaani nahesabu watu wanaozaliwa, wanaokufa na wanaohama, na hapo Leipzig nilikaa miaka mitatu nikisoma, kwa hiyo hizo ibada za watu 14 nazijua. Kuna Jumapili nilienda kijiji kimoja nje ya mji, kanisa la mawe kubwa kuliko usharika wetu wa nyumbani, kinanda cha mabomba kimejaa ukuta mzima, tukawa watu 11 pamoja na mpiga kinanda. Mchungaji alikuwa mama mmoja mchangamfu sana, akatoa baraka, akatushika mikono mlangoni, akavua joho hapohapo akalitupa siti ya nyuma ya gari, akawasha akaondoka kwa sababu saa nne na nusu alikuwa na ibada kijiji kingine na mchana kingine tena. Mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada hakuna, kwaya ya vijana hakuna, wa kubaki uwanjani kupiga stori hakuna. Nilibaki pale nje na kitabu cha nyimbo mkononi sijui nimrudishie nani.

Sasa mwenzako. Amekosea, na kwa bahati mbaya yake amelisema hilo akiwa Leipzig, mahali ambapo historia yenyewe inamsuta.

Kuanzia 1949 mpaka 1990 upande huo wa Mashariki wa Ujerumani ulikuwa nchi yake, ya kikomunisti. Sensa ya 1950 ilikuta watu 9 kati ya 10 wako kwenye kanisa, wengi wao Walutheri kama wewe, na si ajabu, maana Wittenberg alikofundisha Luther ni karibu tu na hapo kwa treni. Ukuta wa Berlin ulipoanguka 1989 waliobaki kanisani walikuwa kama theluthi. Ni miaka 40 hiyo. Muulize mwenzako, katika hiyo miaka 40 wageni walikuwa wangapi? Mwaka 1989 nchi nzima yenye watu milioni 16 na ushee ilikuwa na wageni kama 191,000, asilimia 1 na kidogo, kundi kubwa ni Wavietnam, halafu kulikuwa na Wamsumbiji walioletwa kufanya kazi viwandani kwa mikataba wakawekwa kwenye mabweni yao. Waislamu walikuwa wachache mno, hata ukitaka wa kumlaumu humpati.

Kilichofanyika ni hiki. Mwaka 1954 chama tawala kilitangaza sherehe inaitwa Jugendweihe. Mtoto akifika miaka 14, umri uleule wa kipaimara, anavaa suti, anapanda jukwaani na wenzake, anakula kiapo cha kuitumikia nchi ya kijamaa, anapewa kitabu na maua, halafu nyumbani kuna keki na wajomba wanatoa bahasha. Unauona ujanja hapo? Makanisa yaliachwa wazi (machache walibomoa, nitakuambia), wao walichukua siku moja tu, ile siku ambayo familia inamkabidhi mtoto dini yake, wakaweka ya kwao. Na mtoto asiyeshiriki alikuwa kwenye hatari ya kunyimwa nafasi ya sekondari ya juu na chuo kikuu, sasa mzazi anakaa mezani anapiga hesabu, imani ya bibi upande huu, udaktari wa mwanangu upande huu. Wewe unajua wazazi. Mwanzoni mwa miaka ya 60 karibu watoto 9 kati ya 10 walikuwa wanapitia huko. Na cha kushangaza sherehe hiyo ipo mpaka leo! Chama kilishakufa, kiapo kilishafutwa, keki na bahasha vimebaki. Kama mwenzako kazaliwa upande huo kuna uwezekano mkubwa alipita, muulize taratibu.

Ya kubomoa ni hii: pale Augustusplatz, unapopanda tramu, palikuwa na kanisa la chuo kikuu lililosimama zaidi ya miaka 700, vita vyote vikapita likabaki. Tarehe 30 Mei 1968 serikali ikalilipua kwa baruti mchana kweupe. Mkubwa wa chama wakati huo, Walter Ulbricht, ni mtoto wa Leipzig hapohapo, kazaliwa 1893. Na mwaka huohuo wa 1893, wewe kama Mmachame najua hili ulifundishwa, ndo wamisionari wa Leipzig walifika kwenu Kilimanjaro. Mimi huwa nalifikiria sana hili: mji mmoja, mwaka mmoja, wengine wanapanda meli kwenda Machame na huku nyuma kwa fundi cherehani mmoja anazaliwa atakayekuja kulipua kanisa. Leo KKKT ina waumini zaidi ya milioni 6, na hapo Leipzig Wakristo wenye kanisa, ukiweka Walutheri na Wakatoliki pamoja, hata watu 2 kati ya 10 hawafiki.

Lakini nisikudanganye kwamba ukomunisti unaeleza kila kitu, maana upande wa Magharibi hawakuwa na Ulbricht wala Jugendweihe ya lazima na bado makanisa yamepungua, polepole tu zaidi. Na 1989 kanisa la Nikolai hapo mjini ndo lilikuwa kitovu cha maandamano dhidi ya serikali, maombi ya Jumatatu yalijaa mpaka barabarani, tarehe 9 Oktoba watu kama 70,000 wakatembea kuzunguka mji na askari hawakupiga risasi. Kila mtu alidhani sasa watu watarudi kanisani. Hawakurudi. Miaka michache baadaye wengine wengi wakajitoa, na sababu mojawapo ni hiyohiyo iliyoko kwenye slipu yako.

Kwa hiyo ni nini kinachoendelea? Watu wengi wanadhani dini inapungua kwa mtu mzima kuamka asubuhi na kusema mimi siamini tena. Wapo, ila hao si wengi kihivyo. Kinachofanya kazi kubwa ni kwamba mtoto harithishwi. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Uingereza, David Voas na Alasdair Crockett, walipiga hesabu kwa data za nchi yao wakakuta hivi: baba na mama wote wakiwa na dini, uwezekano wa mtoto kuwa nayo ni kama nusu kwa nusu. Mmoja tu akiwa nayo, inashuka mpaka robo. Wote wakiwa hawana, mtoto karibu hakika hatakuwa nayo. Sasa hiyo ni kama kibaba cha mchele unachogawa nusu kila kizazi, huhitaji adui, ni muda tu.

Angalia hao wazee unaowahudumia. Bibi wa 1935 nadhani umeshawahi kumsikia, hakumbuki jina la binti yake ila ukimwanzishia wimbo wa Krismasi anaumaliza beti zote. Binti yake wa 1960 alipita Jugendweihe. Mjukuu wa 1988 anaingia kanisa la Thomas mara moja kwa mwaka kusikiliza muziki wa Bach, na tiketi ya hiyo siku kuipata ni kazi. Huyo mjukuu hajaacha dini, maana hajawahi kupewa ya kuacha, na mwanawe hata hiyo Bach sijui.

Takwimu za kanisa la Kiprotestanti la Ujerumani zenyewe zinasema hivohivo. Mwaka 2023 walibatizwa kama 140,000, waumini waliofariki kama 340,000, waliojitoa kama 380,000. Yaani kwa kila anayeingia, watano wanatoka, na karibu nusu ya hao wanatokea mlango wa makaburini. Wakatoliki nao mwaka huohuo walijitoa zaidi ya 400,000, na mwaka wa nyuma yake ndo ilikuwa balaa, zaidi ya 520,000, hapo hasira za kashfa za mapadri kudhulumu watoto zilikuwa bado za moto (ripoti iliyoagizwa na maaskofu wenyewe, ya 2018, ilihesabu watoto 3,677 kwa nyaraka zilizopatikana tu). Mapadri wapya waliopewa daraja la upadri Ujerumani nzima 2024 ni 29. Nchi ya watu milioni 83! Ukienda kwa Wakatoliki huko ukakuta padri ni Mhindi au Mnigeria usishangae.

Na hapo ndo tunafika kwa wageni, na hesabu inageuka kabisa. Chukua Uingereza kwa sababu wao sensa yao inauliza dini waziwazi. Sensa ya 2021, England na Wales, waliosema ni Wakristo walikuwa asilimia 46.2, kutoka 71.7 mwaka 2001. Wasio na dini asilimia 37.2. Waislamu 6.5. Hebu linganisha London na Wales. London ndo imejaa wageni kuliko sehemu yoyote, Wanigeria, Wabangladeshi, Wapolandi, Wakongo, kila mtu. Wales wageni wachache. Waliosema hawana dini Wales ni asilimia 46.5, London ni 27.1 tu. Kama wageni ndo wanaua dini, London ingekuwa imekauka ya kwanza. Imekuwa kinyume, wageni ndo wameishikilia. Hata hapo kwako, nenda makanisa ya Leipzig saa nane mchana badala ya saa nne asubuhi, utakuta Waeritrea wamekodi ukumbi, au Wanigeria na ngoma zao, na jirani Mjerumani anachungulia dirishani kujua hii kelele itaisha saa ngapi. Wewe mwenyewe ni ushahidi: ibada ya watu 14, bila wewe ingekuwa 13 na wote wastaafu.

Poland nayo ni mfano mzuri maana Waislamu huko ni wa kutafuta kwa tochi. Kanisa Katoliki la Poland huhesabu kila mwaka watu waliofika misa Jumapili moja maalumu. Mwaka 2019 ilikuwa karibu asilimia 37 ya waumini, 2022 ikawa chini ya 30. Kiwango kimeshuka bila mgeni kugusa kitu.

Sasa klipu ya mjomba. Sijaiona ila nahisi naijua, hizi zinazunguka tangu 2009 na kila miaka miwili zinavalishwa muziki mpya. Ile ya kwanza maarufu ilidai wanawake wa Kiislamu Ufaransa wanazaa wastani wa watoto 8.1. Nane nukta moja! Hakuna nchi duniani yenye kiwango hicho leo, hata Niger. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilipohesabu Ulaya 2017 kilipata wastani wa watoto 2.6 kwa mwanamke Mwislamu na 1.6 kwa wengine. Tofauti ipo, sikatai, ila ni ya mtoto mmoja, na inapungua. Ujerumani mwaka 2016 wanawake wa kigeni wote kwa ujumla walikuwa na wastani wa 2.28, 2023 umeshuka hadi 1.74. Wajerumani wenyewe 1.26.

Na hapa kuna kitu watu hawakijui: huko wanakotoka wageni nako uzazi umeporomoka. Uturuki 2023 ilikuwa 1.51. Iran mwanzoni mwa miaka ya 80 mwanamke alikuwa anazaa watoto zaidi ya 6, kufika 2000 wamefika kama 2, chini ya serikali ya mashehe hiyo. Kwa hiyo ukichora grafu ya "Waturuki watazaa mpaka waijaze nchi" unachora ukitumia bibi zao wa 1970. Babu aliyekuja mgodini Gelsenkirchen kwa ule mkataba wa 1961 wa Ujerumani na Uturuki anaweza kuwa alizaa watano, binti yake kazaa wawili, mjukuu wake ni mhasibu Köln ana miaka 34 na analalamika kodi ya nyumba ni kubwa hawezi kupata hata mmoja. Fleti ndogo, chekechea hakuna nafasi, mume na mke wote kazini, mazingira ni yaleyale kwa mwenye hijabu na asiye nayo.

Je, wana wa wageni wanabaki na dini? Hapa jibu linachanganya kidogo na ndo pananifurahisha kikazi. Chuo Kikuu cha Münster kilifanya utafiti 2016 kwa watu wenye asili ya Uturuki huko Ujerumani. Kizazi cha kwanza, wanaokwenda msikitini kila wiki walikuwa asilimia 32, kizazi cha pili na cha tatu 23. Wanaoswali mara kadhaa kwa siku walishuka kutoka 55 hadi 35. Ila walipoulizwa kama wanajiona ni watu wa dini, wazee walisema ndiyo asilimia 62, na vijana 72! Yaani mguu umepungua msikitini na mdomo umeongezeka. Mimi nalisoma hivi: kijana akiitwa "wewe Mwislamu" kila siku shuleni, kwenye usaili wa kazi, kwenye televisheni, jina hilo linakuwa lake hata kama swala imemponyoka. Sasa hilo likifika kizazi cha nne litakuwaje, likaze kama kabila au liyeyuke kama la Walutheri, hapo kila mtaalamu ana lake na mi nategemea litayeyuka polepole kuliko la Wajerumani, lakini litayeyuka.

Haya, na hiyo miaka 30? Pew walipiga makadirio ya 2050 kwa njia tatu. Uhamiaji ukisimama kabisa kesho, Waislamu Ujerumani wangekuwa kama asilimia 8.7. Ukiendelea wa kawaida bila wakimbizi, 10.8. Na kama lile wimbi la wakimbizi la 2014 mpaka 2016 lingeendelea kwa kasi ileile kila mwaka bila kupungua mpaka 2050, jambo ambalo tayari halikutokea, ingefika 19.7. Hiyo ndo ya juu kabisa waliyoiweza kuifikisha, mtu 1 kati ya 5. Kwa sasa, hesabu ya serikali iliyotoka 2021 iliweka Waislamu kati ya milioni 5.3 na 5.6, asilimia 6 na nusu hivi. Halafu watu husahau wageni wenyewe ni akina nani: makundi matano makubwa ya raia wa kigeni Ujerumani ni Waturuki, Waukraine, Wasyria, Waromania na Wapolandi. Watatu kati ya hayo matano wanatoka nchi za Kikristo. Kundi linalokua kuliko yote Ujerumani ni la wasio na dini wala kanisa, limekaribia nusu ya nchi, na hilo halina klipu WhatsApp.

(Mjomba usimkatishe tamaa, sisi tumezoea kuishi bila takwimu za dini. Sensa yetu haijauliza dini tangu 1967, na ya 2012 ilizua mgogoro mkubwa kwa hilohilo, kwa hiyo kila Mtanzania anatembea na asilimia zake mfukoni na zote zinampendelea yeye.)

Mwenzako labda atakutajia makanisa yaliyogeuzwa misikiti. Yapo machache, la kutajwa sana ni la Hamburg, mtaa wa Horn, kanisa la Kapernaum. Ila fuata tarehe. Kanisa lilifungwa rasmi 2002 kwa kukosa watu. Likakaa tupu miaka kumi, likauzwa kwa mwekezaji, madirisha yakavunjika. Mwaka 2012 ndo jamaa wa msikiti wa Al-Nour wakalinunua, na wao kabla ya hapo walikuwa wanaswali kwenye gereji ya magari chini ya ardhi, mtaa wa St. Georg. Wakalikarabati, 2018 wakafungua. Sasa hapo nani kamfukuza nani?

Ila tusimcheke sana huyu bwana, au mama, hukusema. Kuna kitu anakiona na macho yake hayamdanganyi. Ujerumani tangu 1972, kila mwaka bila kuruka hata mmoja, wanaokufa ni wengi kuliko wanaozaliwa. Mwaka 1964 walizaliwa watoto zaidi ya milioni 1.35 pande zote mbili, 2023 wamezaliwa kama 693,000 na waliokufa ni zaidi ya milioni moja. Hapo Mashariki ilikuwa mbaya zaidi, baada ya muungano viwanda vilifungwa, vijana wakahamia Magharibi hasa wasichana, 1994 wastani wa uzazi ukafika 0.77, kitu ambacho sisi wa fani hii tulikuwa hatujawahi kukiona wakati wa amani. Leipzig ilikuwa na watu kama 530,000 mwaka 1989, 1998 wamebaki 437,000, mitaa mizima ya maghorofa imezibwa mbao madirishani. Leo imepita 600,000. Mtu aliyekulia hapo kaona shule aliyosoma inafungwa, kanisa la bibi linafungwa, kiwanda cha baba kinafungwa, halafu mji unajaa tena na anapogeuka sura ni ngeni. Anaunganisha viwili hivyo, nilipoteza na wamekuja, anafanya kimoja kiwe sababu ya kingine. Mpangilio ni kinyume, nafasi ilibaki wazi ndo watu wakaja kuijaza. Wale wa 1964 sasa ndo wanastaafu, na ndo maana pale Berlin Septemba 2024, Scholz aliyekuwa kansela wa Ujerumani na Rais Ruto wa Kenya wakiwepo, yalisainiwa makubaliano ya wafanyakazi wa Kenya kwenda, na ndo maana wewe uko hapo zamu ya usiku. Nani angemgeuza yule bibi kitandani?

Haya, slipu. Ulipofika Leipzig ukaenda ofisi ya manispaa kujiandikisha makazi, kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha dini, nawe kwa moyo safi ukaandika Mlutheri. Angalia slipu, pembeni ya daraja lako la kodi kuna herufi "ev". Kwa hilo serikali inakukatia kodi ya kanisa na kuipeleka kanisani. Hapo Sachsen, jimbo lenye Leipzig, ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato, nasema ya kodi, si ya mshahara, wengi wanachanganya hapa. Kwa mfano ukikatwa kodi ya mapato yuro 400 kwa mwezi, ya kanisa ni 36. Ichukulie ni bahasha ya ahadi ambayo mzee wa kanisa wa kuifuatilia ni mamlaka ya mapato. Na wengi wanaojitoa ni vijana waliopata mshahara wa kwanza, anaiona hiyo namba, anajiuliza mara ya mwisho kuingia kanisani ni lini, anakwenda kujitoa wakati wa chakula cha mchana. Hakuna mjadala wa theolojia pale.

Ukitaka kubaki, ujue ukijaza ritani ya kodi mwisho wa mwaka hiyo ya kanisa unaiorodhesha na inakupunguzia mapato yanayotozwa, sehemu inarudi. Ukitaka kutoka, haitoshi kumwambia mchungaji wala kuacha kwenda, unakwenda mwenyewe ofisi ya usajili wa vizazi na ndoa na kitambulisho, unalipa ada, unasaini, na cheti wanachokupa unakitunza kama pasipoti maana miaka kumi baadaye wanaweza kukudai ushahidi. Kabla ya hapo angalia mambo mawili. Kwanza mwajiri wako ni nani, kama nyumba hiyo ya wazee ni ya Diakonie au Caritas hayo ni mashirika ya kanisa, soma mkataba kwanza, kujitoa kunaweza kukuletea shida kazini. Pili ukishasaini, kwa Wajerumani wewe si muumini tena, kuwa mama wa ubatizo hapo haiwezekani na mazishi ya kanisa yanakuwa kwa hiari ya mchungaji. Wakatoliki ndo wakali zaidi, maaskofu wao walitoa agizo 2012 kwamba aliyejitoa hapati sakramenti. Na kama unategemea kuolewa kanisani Machame, watakuomba cheti kutoka usharika wako wa huko, kwa hiyo mpigie mchungaji wa nyumbani kabla hujapanda tramu kwenda kusaini.